Kompyuta za Penseli

Wahenga walipomsema mtu anayechagua jembe, hawakuwa na ugomvi na jembe zuri. Hata wao walilipenda. Aliyewakera ni yule mtu anayeshinda dukani akipima mpini huu na mpini ule, akigonga bapa hili na lile kwa ukucha, huku wenzake wamekwisha kupanda na mahindi yao yamefika magotini. Mtu huyo ana maneno mengi ya kilimo, lakini shamba lake ni nyasi tupu. Ukidhani waliosemwa ni watu wa mashamba peke yao, basi msikilize huyu ambaye hakuwa ameshika jembe tangu alipomaliza shule, na bado maneno yale yakamwangukia yeye mzima mzima.

Alikuwa mchora ramani za majengo, mwanamke wa makamo, mrefu, mwembamba, mwenye penseli sikioni hata akiwa sokoni. Wazazi wake walimpa jina, lakini mtaa mzima ulimwita Milimita, kwa sababu aliwahi kumrudisha fundi mwashi juu ya ngazi akang'oe safu nzima ya matofali iliyopishana na ramani kwa upana wa ukucha. "Milimita ni milimita," alimwambia fundi yule, na fundi akang'oa huku akimlaani kimoyomoyo. Tangu siku hiyo jina likamganda, naye hakulichukia.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, dirisha likitazama barabara. Humo mlikuwa na ubao mkubwa wa kuchorea ulioinamishwa kama paa, taa yenye shingo ndefu, rula ya umbo la T aliyoachiwa na mzee aliyemfundisha kazi, na mikebe ya penseli zilizopangwa kuanzia ngumu hadi laini. Miaka yote hiyo alichora nyumba za watu, maghala, hata jengo la posta. Lakini ukizifunua ramani hizo, ukatazama kona ya chini kulia, pale kwenye kisanduku cha jina la mchoraji, hulioni jina lake. Utaona majina ya wakubwa wa ofisi alizozifanyia kazi. Yeye alichora, wao wakatia majina. Hakulalamika kwa sauti, ila kila alipomaliza ramani macho yake yalikwenda yenyewe kwenye kona ile, na moyo ukamchoma.

Kwa hiyo siku Nesi Mkuu wa zahanati ya mtaa alipobisha hodi na kuketi kwenye kigoda bila kungoja kukaribishwa, kisha akasema alilokuja kusema, Milimita aliuacha mstari katikati.

"Dada yangu, tumepata wafadhili wa wodi ya wazazi," Nesi Mkuu alisema. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. "Kamati imekaa. Tumesema hatutaki mchoraji wa kuletwa. Achore mtu wa hapahapa anayeijua zahanati yetu na mateso yake. Tumekutaja wewe. Na jina litakaloandikwa pale chini ni lako, hakuna bosi wa kukukalia kichwani."

"Langu mimi?"

"Lako wewe. Kwani nimekuja kwa nani?"

Kulikuwa na sharti moja. Ofisi ya mipango ya mji ilikuwa imeacha kupokea ramani za mkono; ilitaka zilizochorwa kwa kompyuta. Tena ramani hiyo ilipaswa kufika mapema, kwa sababu mafundi walitaka kuchimba msingi ardhi ikiwa bado kavu, kabla ya mvua. Milimita hakutishika. Programu ya kuchorea aliijua. Alijifunza kwenye ofisi yake ya mwisho, akiwa na mashine ya ofisi. Alichokosa ni kompyuta yake mwenyewe, na akiba ya kuinunua alikuwa nayo. Mambo yalikuwa yamemnyookea kama uzi wa fundi.

Mchana uleule Nesi Mkuu alimpeleka zahanati. Akamwonyesha mlango wa chumba cha kujifungulia, mlango mwembamba wa nyumba ya kawaida, na kitanda cha magurudumu kilichosimama nje yake.

"Hakipiti," Nesi Mkuu alisema. "Mama anasukumwa mpaka hapa, kisha tunamshusha. Anamalizia kwa miguu yake, uchungu ukimkata. Juzi mmoja alinishika shingo mpaka nikadhani tunazaa wote wawili."

Milimita alicheka, kisha akaacha kucheka. Alitoa futi yake ya chuma, akapima mlango, akapima kitanda, akapima na mikono ya wauguzi wawili wanaosukuma, mmoja huku na mmoja kule. "Mlango huu ndio nitakaoanza nao," alisema, na alisema kwa moyo wake wote. Laiti angekwenda siku hiyo hiyo akanunua kompyuta ya kwanza aliyokutana nayo, hadithi hii ingekuwa fupi, na ingekuwa na methali nyingine.

Alianza na duka la kompyuta lenye kuta za vioo, lile la barabara kuu. Muuzaji, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, alimwekea kiganjani kitu kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kilikuwa kibao cha kijani chenye vidude vya rangi rangi juu yake, bila ganda, bila kioo, bila chochote.

"Hii nini?"

"Kompyuta, mama. Mpya kabisa. Hizi si za kila mtu. Wanaozijua ndio wanaozitafuta. Haina kelele, haili umeme, inakaa hata nyuma ya picha ukutani."

"Mbona iko uchi?"

"Ganda lake linauzwa mbali. Na feni yake. Na waya wake wa umeme, usitumie waya mwingine. Na kadi yake ya kuhifadhia. Na kioo, kama huna."

Milimita alihisi kichwa kinaanza kuwa kizito. "Nikivikusanya vyote hivyo, si vitapita bei ya kompyuta nzima?"

"Inategemea," muuzaji alisema.

"Na programu yangu ya kuchorea, itakubali?"

"Itakubali. Yaani, inategemea. Ipo inayofanana nayo."

Kutoka hapo alikwenda kwa Mzee Vumbi, muuza kompyuta za mitumba, kwenye chumba kilichojaa mashine za ofisi zilizopangwa mpaka darini. Mzee Vumbi alipangusa moja kwa mkono wa shati lake. Ilikuwa sanduku jeusi lenye kibandiko cha namba ubavuni, pamoja na kioo chake na kibodi yake. Kwenye kibodi, kitufe cha namba saba kilikuwa kimeng'oka. Palibaki kidoti cha mpira tu.

"Hii ilikuwa mezani kwa mhasibu," Mzee Vumbi alisema. "Mhasibu hakimbizi kompyuta. Anaitembeza polepole."

Akaiwasha. Feni ikapiga mluzi, ikakohoa, ikatulia. Programu aliyoitaka Milimita ilifunguka pale pale. Bei yake ilikuwa nusu ya kile kibao cha kijani kabla hata hakijavikwa ganda.

"Itadumu?"

"Dada yangu, hata mimi na wewe hatujui kama tutadumu. Inategemea."

Milimita alitoka akiwa na neno hilo masikioni. Huku inategemea, kule inategemea. Kipya kilikuwa kizuri lakini hakikamiliki. Kikuukuu kilikamilika lakini kilikohoa. Alifika nyumbani asijue ashike lipi aache lipi. Mtu mwingine angerusha sarafu hewani. Yeye alikuwa na njia yake ya kuamua mambo, njia aliyofundishwa na yule mzee wa rula ya T, aliyekuwa akisema kila asubuhi wakati wa kunoa penseli, "Usichokichora hukijui." Basi akatandaza karatasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akabana pembe nne, akaanza kukichora kile kibao cha kijani.

Alikichora kwa mbele, kwa ubavu, kwa juu, kisha kwa mkato, kikiwa kimepasuliwa katikati, kana kwamba ni ghala la ghorofa mbili. Kesho yake alirudi dukani na futi, akapima matundu ya waya, muuzaji akimtazama. Akarudi kwa Mzee Vumbi, akapima sanduku jeusi, akahesabu matundu ya feni, akachora na kibandiko cha namba. Zilikuwa ramani nzuri, hilo lazima lisemwe. Vivuli vilianguka mahali pake, mistari haikutetemeka. Mumewe, fundi baiskeli, aliyekuwa na karakana barazani, aliingia kunywa maji akasimama nyuma yake.

"Hiyo ndiyo wodi?"

"Hii ni kompyuta."

"Ahaa." Akanywa maji. "Na ile pale?"

"Kompyuta ileile, ikiwa na ganda."

"Mama watoto, mimi mteja akiniletea baiskeli nachukua spana iliyo karibu. Ikikataa nachukua nyingine."

"Spana haina prosesa."

"Ndiyo maana baiskeli zinatoka kwangu," mumewe alisema, akarudi barazani.

Aliyemletea kizunguzungu zaidi ni simu ya mumewe. Humo alikuta video za watu waliokuwa wakizipima kompyuta hizohizo. Mmoja aliapa kwamba anayenunua mitumba siku hizi ananunua maradhi ya mwenzake. Wa pili alicheka mpaka machozi, akasema wanaonunua vibao vya kijani wanalipia jina, wakati kompyuta za ofisi zimejaa tele, zenye nguvu mara tatu. Wa tatu alisema wote wawili wana haki, na hapo Milimita akaizima simu na kushika kichwa. Humo alijifunza kwamba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, huhesabiwa kwa vizazi, kwamba kuna kumbukumbu inayosahau umeme ukikatika na kumbukumbu isiyosahau, na kwamba unahitaji zote mbili, na kwamba ile inayosahau ndiyo ghali. Alimweleza mumewe. Mumewe akasema hajaelewa. Milimita akasema hata yeye hajaelewa, lakini ameichora.

Ramani za kompyuta zikaongezeka ukutani. Kibao cha kijani chenye feni. Kibao cha kijani bila feni. Sanduku jeusi lenye diski mpya. Aina nyingine ya mitumba, nyembamba kama kitabu, ambayo Mzee Vumbi aliipata juzi. Kibao kingine kipya kilichotangazwa kutoka, lakini hakijatoka, ambacho Milimita alikichora kwa kukisia. Kila alipokaribia kukata shauri, ramani mpya ilimwonyesha jambo ambalo hakuliwaza, naye akaanza upya. Sokoni siku moja alinyanyua nyanya akamwuliza mwuzaji, "Hizi ni za kizazi cha ngapi?" Mwuzaji akamtazama, akamwongezea moja ya bure kwa huruma.

Ya wodi hakuchora hata mstari. Wodi yote alikuwa nayo kichwani, mlango na njia na madirisha, akimweleza kila aliyeingia, na alisema haoni sababu ya kuichora kwa mkono kisha aichore tena kwenye kompyuta. Kompyuta ikifika, ataimwaga yote.

Milimita alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa kwao, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika penseli. Huyo aliitwa Chapuchapu. Alichora nyua, vyoo na nyumba za vyumba viwili, na alichora haraka, mara nyingi haraka mno, dada yake akimrekebisha huku akimfokea. Alikuja akasimama mlangoni na kuzitazama zile karatasi.

"Dada, ile ya mhasibu kwa Mzee Vumbi, unaichukua?"

"Sijaamua."

"Basi ngoja mimi niichukue. Ramani zangu za mkono sasa hazipokelewi, nitakufa njaa."

Milimita aligeuka na penseli yake. "Ile? Ile haina kitufe cha saba! Prosesa yake ni ya vizazi vilivyopita. Feni ina pumu. Njoo hapa nikuonyeshe mkato wake." Akamwonyesha mkato. Chapuchapu aliinamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto.

"Umeichora vizuri kweli, dada," alisema kwa heshima. Kisha akaenda akainunua.

Nesi Mkuu alikuja mara ya kwanza akaambiwa bado kidogo. Akaja mara ya pili, akaambiwa bado kidogo tena. Mara ya tatu hakuketi. Alizunguka chumba akitazama karatasi ukutani, uso wake ukang'aa.

"Kumbe umefika mbali! Hili jengo refu ndilo wodi? Mbona halina mlango?"

Milimita alitamani sakafu ifunguke. "Hiyo ni kompyuta."

"Na hili?"

"Kompyuta."

Nesi Mkuu akatazama ya tatu na ya nne, hakuuliza. Milimita akaanza kueleza. Alieleza habari za umeme na kelele, habari za ganda linalouzwa mbali, habari za kumbukumbu mbili, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe kwamba maneno yake hayaendi popote. Yalizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Akanyamaza katikati ya sentensi kwa sababu alisahau ilianzia wapi.

"Niambie kwa neno moja," Nesi Mkuu alisema taratibu. "Unataka ipi?"

Milimita aligeukia ukuta. Alizitazama karatasi zake, hii nzuri kwa hili, ile nzuri kwa lile, na ukweli ni kwamba hakujua. Alikuwa amezichora zote mpaka zikafanana. Machozi yalimlenga kwa aibu, maana yeye, aliyemrudisha fundi ngazini kwa upana wa ukucha, alikuwa ameshindwa kuchagua kati ya sanduku na kibao.

"Nipe wiki," alisema.

"Dada yangu, mimi wanawake wananishika shingo mlangoni," Nesi Mkuu alisema, na akaondoka bila kuaga vizuri.

Wiki ikaisha, ikaja nyingine. Siku moja Milimita aliamka akaona wingu la kwanza limekaa juu ya mapaa, zito, la kijivu. Akapiga moyo konde. Alichukua akiba yake, akafunga mlango, akaenda zake duka la vioo na jibu moja kinywani: kibao cha kijani, chenye ganda na feni, maneno yamekwisha.

"Kile?" muuzaji alisema. "Kile kimeacha kuletwa, mama. Kuna kipya kinakuja."

"Lini?"

"Inategemea."

Milimita alisimama pale akijisikia kama mtu aliyeota anakimbia bila kusogea. Akatoka. Akashika njia ya kwa Mzee Vumbi kwa kupitia zahanati, na hapo akaona watu nyuma ya ukuta. Mafundi walikuwa wamechomeka vigingi, wakavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, na mmoja alikuwa akinyunyiza chokaa kufuata kamba. Ardhi ilikuwa inapangwa kwa ajili ya msingi. Kwenye ubao wa matangazo, chini ya karatasi ya nailoni ya kuzuia mvua, palibandikwa ramani ya wodi ya wazazi. Ilikuwa na mhuri wa ofisi ya mipango ya mji.

Alisogea. Hakutazama vyumba wala madirisha. Macho yalikwenda yenyewe kwenye kona ya chini kulia. Kisanduku kilikuwa kimejazwa. Lilikuwa jina la mdogo wake.

Hatuwezi kuficha alichokihisi. Alihisi wivu, wivu mchungu, na nyuma ya wivu hasira, na nyuma ya hasira kitu kibaya zaidi: alijua kwamba hakuna wa kumkasirikia. Alitaka kuondoka. Lakini jicho la mchoraji halina adabu. Likaanza kutembea lenyewe kwenye ramani, chumba kwa chumba, mpaka likafika chumba cha kujifungulia. Hapo likasimama. Chapuchapu alikuwa amechora mlango mmoja wa kawaida, kisha akaunakili kwa kila chumba, kama anavyofanya kwenye nyumba zake za vyumba viwili. Mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa sawasawa na mlango wa stoo. Kitanda kisingepita.

Mtu angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia, akalisikia likipita, na akaliona aibu. Aligeuka akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake, haraka kuliko alivyotembea kwa miezi mingi.

Chapuchapu alipomwona mlangoni alisimama na kikombe cha chai mkononi. "Dada, nilitaka kukuambia. Wallahi nilitaka. Nesi Mkuu alinijia, nikamwambia hapana, ile kazi ya dada. Akasema dada yako yuko na kompyuta zake ukutani. Nikaja kwako mara mbili nikuambie, ukanionyesha feni."

Milimita alikumbuka. Ni kweli alimwonyesha feni.

"Mlango wa chumba cha kujifungulia," alisema. "Kitanda hakipiti."

Chapuchapu alikunja uso, akafikiri, kisha akakiweka kikombe chini taratibu. "Mungu wangu! Niliunakili."

"Najua uliunakili. Sogea."

Aliketi mbele ya sanduku jeusi la mhasibu, lenye kibandiko ubavuni, alilokwisha kulichora kwa mbele, kwa ubavu na kwa mkato, na ambalo hakuwa amewahi kuligusa. Feni ikapiga mluzi, ikakohoa, ikatulia. Ramani ikafunguka. Alivuta mlango ukapanuka, akasogeza ukuta, akaipa nafasi hata ile mikono ya wauguzi wawili. Kila penye saba katika vipimo, alichomoa penseli sikioni, akaubonyeza ule mpira kwa nyuma ya penseli hiyo. Ulikubali kila mara. Alipomaliza, chai ya Chapuchapu ilikuwa bado inafuka moshi.

Akakaa akitazama kioo. Mkanganyo wote uliokuwa umejaa kichwani miezi ile ulikuwa umekwisha, kama kelele ambayo huitambui mpaka inyamaze.

"Ndiyo hii tu?" alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ndiyo hii tu niliyokuwa naihangaikia?"

Chapuchapu alisogea karibu na kioo. "Dada, tuweke jina lako. Mafundi bado wako kwenye msingi, masahihisho ya mlango yatapokelewa bila shida. Nitakwenda ofisini, niseme mchoraji ni wewe. Wodi ilikuwa yako tangu mwanzo. Hata mimi nilisikia ukiieleza, nikachora kwa maneno yako."

Milimita aliitazama kona ya chini kulia. Mkono wake ulikuwa juu ya kibodi, na hakuna wa kumzuia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake kisanduku kile kilikuwa karibu naye kiasi hicho.

"Mlango mmoja si wodi," alisema hatimaye. "Nyasi umefyeka wewe, mbegu umetia wewe. Acha jina lako lilipo." Akasimama, akampiga mdogo wake kofi jepesi la kisogoni. "Ila ukinakili mlango tena nitakung'oa masikio."

Kesho yake asubuhi alikuwa kwa Mzee Vumbi kabla mzee hajamaliza kufungua mlango. Alionyesha mashine ya kwanza iliyokuwa karibu.

"Hii ilikuwa kwa mwanasheria," Mzee Vumbi alianza. "Mwanasheria, unajua..."

"Iwashe."

Ikawaka.

"Nifungie."

Mzee Vumbi alibaki ameduwaa na kitambaa cha vumbi mkononi.

Mvua zilikuja, zikakuta msingi umekwisha kuchimbwa na kujazwa. Kuta zikapanda, paa likakaa, na siku ya kufungua wodi mtaa mzima ulikuwa uani. Chapuchapu alipigiwa makofi, akainamisha kichwa kwa haya. Katikati ya hotuba, gari likaingia na mama mwenye uchungu, hotuba zikakatwa, wauguzi wawili wakakimbiza kitanda cha magurudumu kwenye njia mpya. Milimita alikuwa amesimama karibu na chumba cha kujifungulia. Kitanda kilipita mlangoni bila kugusa huku wala kule, wauguzi na mikono yao wakiwa wote wawili ubavuni pake, na mama yule akaingia amelala. Nesi Mkuu alimwona akifuta macho kwa kiganja.

Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akisoma ramani iliyotiwa fremu ukutani, aliikaribia kona ya chini kulia kwa miwani yake, akasoma jina, kisha akamgeukia.

"Milimita, mwanangu, hii si kazi yako wewe? Si ulipewa wewe? Kwani ulikuwa wapi?"

Watu waliokuwa karibu waligeuka wasikie. Milimita alichomoa penseli sikioni, akaitazama ncha yake iliyochongwa vizuri, akairudisha.

"Nilikuwa dukani, baba," alisema, "nachagua jembe."

Mzee alitikisa kichwa, na hakuongeza neno, kwa maana lililobaki lilikwisha kusemwa kabla yao wote kuzaliwa: mchagua jembe si mkulima.